Barua kwa Somoe

Newala, 14 Novemba

Mpendwa Somoe,

Salaam nyingi. Huku hatujambo. Mama anakusalimu, vidole vyake vyeusi tii kwa mafuta ya maganda ya korosho, maana siku hizi anabangua kutwa, majivu mkononi, hadi giza linamkuta uani.

Umeniambia unaandika taarifa juu ya "mwanamke wa kusini". Kabla hujaenda mbali, msome Chandra Talpade Mohanty. Ni msomi wa masuala ya wanawake, mzaliwa wa Mumbai, India, profesa Marekani. Mwaka 1984 alitoa makala iitwayo "Under Western Eyes", yaani "Chini ya Macho ya Magharibi". Alipitia vitabu vya wasomi wa Magharibi kuhusu wanawake wa nchi kama zetu, akakuta humo mwanamke yuleyule mmoja: maskini, hajasoma, kafungwa na mila, anangoja kukombolewa. Kwa Mohanty, huo nao ni ukoloni, kwa sababu anayeandikwa hivyo hana historia wala kauli.

Paliponigusa ni anapowataja Wabemba wa Zambia. Mwandishi mmoja alidai kwamba mwanamke huko ni kitu cha kubadilishana tu kati ya wanaume. Mohanty anamjibu: kwa Wabemba mume ndiye aliyehamia kwa wakwe na kuwafanyia kazi, na jambo zito hasa lilikuwa kumcheza binti unyago. Somoe, si ndiyo habari ya bibi zetu? Babu alihamia kwa bibi, na sisi wote tunahesabiwa ukoo wa bibi. Lakini mwaka jana walikuja watu na dodoso, wakamuuliza mama mkuu wa kaya ni nani. Akasema, "Mimi, nyumba aliniachia mama." Yule kijana akaandika jina la baba. Nilimwona kwa macho yangu, na hadi leo linaniuma.

Usidhani Mohanty anakana kuonewa. Anausifu utafiti wa Maria Mies, msomi Mjerumani, kuhusu wafuma lesi wa Narsapur, India. Wale wanawake walifuma majumbani bidhaa ya kuuzwa ng'ambo, lakini wakaitwa mama wa nyumbani tu, na kazi yao ikahesabiwa ya kupitishia muda. Kwa hiyo wakapunjwa. Hapo uonevu una njia yake, unaweza kuufuata kutoka uzi hadi sokoni. Mwaka 2003 Mohanty alirudi kwenye makala yake, akasisitiza zaidi ubepari wa dunia nzima na mshikamano unaojengwa kwa kupambana pamoja.

Basi nakuomba, lile neno "mwanamke wa kusini" lifute. Mwandike mbanguaji: anapata korosho ghafi kwa nani, analipwa kwa kilo au kwa siku, nani anapanga bei, ngozi inayochunika anaitibu kwa pesa ya nani. Njoo Jumamosi ukae na mama uani. Beba daftari, na uvae nguo usiyoionea huruma, maana mafuta yale hayatoki.

Ni mimi shogayo,
Hadija