Salamu Nilizoziandika Polepole

Ndugu, jamaa na marafiki,

Nawasalimu nyote kwa upendo katika siku hizi za Krismasi na za kuupokea Mwaka Mpya. Mkiona kwamba salamu hizi zimechelewa kuwafikia, msidhani nimewasahau, kwa maana nimezichelewesha kwa makusudi, na sababu ya kuzichelewesha ndiyo habari ninayotaka kuwasimulia.

Mwaka jana, asubuhi ya mkesha wa Krismasi, niliandika sentensi mbili za kuwatakia watu furaha tele pamoja na familia zao, nikayachagua majina yote yaliyomo katika simu yangu, nikazituma kwa mkupuo mmoja, kisha nikarudi kwenye shughuli zangu nikiwa nimeridhika kwamba hilo nalo nimelimaliza. Miongoni mwa waliozipata alikuwamo rafiki yangu wa miaka mingi ambaye wiki mbili tu kabla ya hapo alikuwa amemzika mama yake. Si kwamba sikuwa na habari. Nilikuwapo makaburini, nilimshika mkono, tena nilimwahidi kwamba nitampigia simu. Yeye alinijibu kwa maneno matatu, "Asante, nawe pia," nami nikayasoma jioni ile nikiwa nafanya jambo jingine, nikayapita. Ilikuwa usiku wa siku ya pili yake, nilipokuwa nimelala, ndipo nilipokumbuka nilichomwandikia, na usingizi ukanitoka.

Nilimpigia kulipokucha, nikamwomba radhi. Alicheka kidogo, akaniambia nisijali, kwani anajua mambo ni mengi. Ndivyo tunavyosameheana siku hizi: mambo ni mengi. Mwenye kukosea husema hivyo, na mwenye kukosewa husema hivyo hivyo, hata imekuwa kana kwamba wingi wa mambo ni mtu wa tatu aliyeingia kati yetu, ambaye lawama zote zinaweza kubebeshwa kwake naye hawezi kujitetea. Lakini nilipojihoji kwa haki, niliona kwamba siku ile sikuwa na mambo mengi kiasi cha kushindwa kulitazama jina moja. Sikumchukia rafiki yangu wala sikumdharau. Upendo ulikuwapo, na huruma ilikuwapo. Kilichokosekana ni sekunde tano za kusimama kabla ya kubonyeza.

Tangu wakati huo nimekuwa nikilitafakari neno moja la lugha yetu, nalo ni kutua. Jua hutua, ndege hutua, na mchukuzi hutua mzigo wake kando ya njia. Kutoka katika neno hilo tumepata kituo, mahali ambapo msafiri husimama. Na alama tunazoziweka katika maandishi ili msomaji apate kuvuta pumzi nazo zimeitwa vituo. Na watunzi wa mashairi huuita kituo ule mshororo wa mwisho ambao ubeti mzima hutulia juu yake. Hakuna hata mahali pamoja kati ya hapo ambapo kutua kuna maana ya kukata tamaa au kuiacha safari. Mchukuzi aliyetua mzigo hajautupa, maana ameuweka mahali anapouona, ajinyoshe mgongo, kisha ajitwishe tena. Na ubeti usio na kituo haumfikishi msikilizaji upesi zaidi, bali humwacha akihangaika kutafuta mahali pa kuiweka maana ya yale aliyoyasikia.

Nalitaja jambo hili kwa sababu wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba mapumziko ni ujira wa aliyemaliza kazi. Tunasema tutatulia mradi huu ukikamilika, watoto wakishakua, deni likilipwa, mwaka ukiisha. Mwaka unaisha, na huu hapa unaisha tena, lakini kazi hazijui kalenda. Anayengoja amalize ndipo apumzike anangoja kitu ambacho hakikuahidiwa kwa mtu yeyote aliye hai.

Tazameni moyo, ambao tunausifu kwamba haupumziki tangu mtu hajazaliwa hadi anapokufa. Sifa hiyo si ya kweli. Kwa mtu mzima aliyetulia, ambaye moyo wake unapiga mara 75 kwa dakika, kila pigo pamoja na nafasi inayolifuata huchukua sekunde 0.8 hivi, kati ya hizo, vyumba vikubwa vya moyo hujikaza kwa takriban sekunde 0.3 tu, na muda unaobaki, takriban sekunde 0.5, hulegea. Kwa hiyo moyo wa mtu aliyetulia hulegea kwa muda mrefu zaidi kuliko unavyojikaza, nao hufanya hivyo bila kumwomba ruhusa mtu yeyote. Jambo lililonishangaza zaidi nilipojifunza haya ni kwamba wakati huo wa kulegea haupotei bure: ndipo vyumba vya moyo vinapojaa damu ya pigo linalofuata, na ndipo misuli ya moyo wenyewe inapopata sehemu kubwa ya damu yake, kwa sababu unapojikaza huibana mishipa inayoulisha. Moyo unapoharakishwa, muda wa kujikaza hupungua kidogo tu, lakini muda wa kulegea hupungua sana. Yaani mapumziko ndiyo yanayoibwa kwanza.

Haraka yenyewe si dhambi, na sipendi kuisema vibaya kupita kiasi. Walter Cannon, mtaalamu wa fiziolojia wa Marekani, alieleza mwanzoni mwa karne ya 20 jinsi mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia unapokabiliwa na hatari: tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini, moyo huenda mbio, pumzi huenda kasi, damu hupelekwa kwenye misuli, na usagaji wa chakula hungoja. Matayarisho hayo ni neema kwa anayemkimbia mnyama mkali, kwa kuwa mbio za namna hiyo huisha baada ya dakika chache, kwa heri au kwa shari. Shida yetu ni kwamba mwili hautofautishi vizuri kati ya mnyama mkali na barua kali ya mkubwa wa kazi, na barua hizo haziishi. Mtu hulala akiwa amejiandaa kukimbia, huamka akiwa amejiandaa kukimbia, hula akiwa hivyo hivyo, na baadaye hushangaa kwa nini amemfokea mtoto aliyemwuliza swali dogo.

Mlango mmoja tu wa shughuli hizo za ndani ndio tuliopewa ufunguo wake, nao ni pumzi. Hatuwezi kuuamuru moyo upunguze mwendo, wala kuliamuru tumbo lisage chakula, lakini tunaweza kuamua kupumua taratibu. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Akivuta pumzi huku akihesabu hadi nne, kisha akaitoa huku akihesabu hadi sita, kila hesabu ikiwa sekunde moja, atakuwa amepumua mara sita tu kwa dakika. Kila tunapotoa pumzi, neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni, huupunguzia moyo mwendo, na ndiyo maana pumzi ndefu ya kutoka hutuliza. Wazee walioitunga lugha hii hawakuwa na vipimo vya maabara, lakini kupumzika wakakujenga juu ya neno pumzi.

Hata hivyo, nisiwadanganye kwamba kutulia ni kutamu tangu mwanzo. Mtu aliyezoea kukimbia akisimama ghafla, mara nyingi hakutani na amani, bali hukutana na yale aliyokuwa akiyakimbia. Katika Krismasi ya mwaka 1914, miezi mitano hivi baada ya Vita Vikuu vya Kwanza kuanza, askari wa Uingereza na wa Ujerumani katika sehemu kadhaa za mstari wa vita huko Ubelgiji na Ufaransa waliacha kupigana bila amri ya mtu yeyote, wakatoka mahandakini, wakapeana mikono na kubadilishana tumbaku na vifungo vya sare. Habari hiyo husimuliwa mara nyingi kama hadithi tamu ya sikukuu, nami sipingi utamu wake, ingawa katika sehemu nyingine risasi hazikukoma hata siku ile na vita vyenyewe viliendelea hadi tarehe 11 Novemba 1918. Lakini kuna jambo ambalo wasimulizi hulipita upesi. Bunduki ziliponyamaza, moja ya kazi za kwanza walizozifanya askari wale ilikuwa kuwazika wenzao, ambao miili yao ilikuwa imelala kati ya mahandaki kwa siku nyingi bila mtu kuthubutu kuifikia.

Nadhani hiyo ndiyo sababu ya kweli inayotufanya tuuogope utulivu. Kila mmoja wetu ana kitu kilicholala katikati ya uwanja ambacho hakijazikwa: msiba ulioliliwa kwa siku tatu kisha kazi zikaita, urafiki uliovunjika bila mazungumzo, uamuzi ambao tunajua ulikuwa mbaya. Maadamu tunakimbia, hatukioni. Tukitua, kipo pale pale, na inatubidi kukiendea. Kwa hiyo mkijaribu kukaa kimya katika siku hizi za mapumziko, na badala ya furaha mkajikuta machozi yanawatoka, msiseme kwamba utulivu umewashinda. Huenda ndio kwanza umeanza kazi yake. Rafiki yangu alikuwa katika kazi hiyo ya kuzika, nami nilimpitia kwa kasi nikimtakia furaha tele.

Sisi tunaoiadhimisha Krismasi tunakumbuka pia kwamba kuzaliwa kwenyewe hakukutokea katika wakati wa utulivu. Injili ya Luka inaeleza kwamba ilikuwa siku za kuhesabiwa watu kwa amri ya Kaisari Augusto, kila mtu akisafiri kwenda mji wa kwao, na nyumba ya wageni haikuwa na nafasi. Katikati ya msongamano huo, Mariamu anatajwa kuwa aliyaweka moyoni mambo yote aliyoyasikia, akiyatafakari. Hakungoja mji upungukiwe na watu ili apate kutafakari. Na waliopewa habari ya kwanza walikuwa watu wa zamu ya usiku, wachungaji waliokesha wakilinda kundi lao.

Kwa ajili hiyo nawasalimu kwa namna ya pekee ninyi mlio kazini siku ya sikukuu: wauguzi, walinzi, madereva, wapishi, mafundi wa umeme na wa maji, na akina mama ambao nyumbani kwao sikukuu ina kazi maradufu ya siku nyingine. Nimesoma mawaidha mengi kuhusu utulivu, na mengi yake yameandikwa na watu wenye nafasi kwa ajili ya watu wenye nafasi. Yanamtaka mtu atenge saa nzima kila alfajiri, au aende mahali pa mbali penye ukimya. Anayelala saa tano na kuamka saa kumi usiku hawezi kuyatumia mawaidha hayo, na kumpa ni kumwongezea deni jingine. Mimi mwenyewe, kwa mwaka huu mzima, nimeweza mambo mawili tu. La kwanza, kabla ya kupokea simu huiacha iite mara mbili huku nikitoa pumzi moja ndefu. La pili, ujumbe wowote nilioandika nikiwa na hasira haukutumwa kabla ya usiku mmoja kupita, na nakiri kwamba mwingi kati ya huo nimeufuta kulipokucha kwa aibu. Mara nyingine nimesahau yote mawili, na watu wa nyumbani kwangu ni mashahidi.

Basi, katika siku hizi nawatakia vituo, hata kama ni vifupi. Aliye na furaha na apate muda wa kuiona furaha yake kabla haijapita, na aliye na huzuni asiharakishwe na kelele za wengine. Anayeuingia mwaka ujao akiwa na mzigo mzito, na kama hakuna wa kumpokea, basi apate walau mtu wa kumsaidia kuutua na kukaa naye kando ya njia mpaka awe tayari kujitwisha tena. Mnisamehe wote niliowajibu kwa maneno mawili mlipohitaji kusikilizwa.

Salamu hizi nimezituma kwa jina moja baada ya jingine, na ndiyo maana zimenichukua siku tisa. Rafiki yangu yule sikumwandikia. Jioni ya sikukuu nitampigia simu nikiwa nimekaa, nitamwambia kwamba nimemkumbuka mama yake, kisha nitanyamaza ili aseme anachotaka, au tukae kimya pamoja ikiwa hana la kusema.

Heri ya Krismasi, na heri ya Mwaka Mpya.