Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wetu: upande wa kulia wa moyo nao upimwe

Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa,

YAH: KUACHWA WAZI KWA MSTARI WA VENTRIKALI YA KULIA KATIKA MAJIBU YA EKO

Kwa heshima na taadhima naomba nikuandikie hadharani, kwa kuwa barua nilizopitisha masjala ya ofisi yako zilipokelewa, zikagongwa muhuri, na hadi leo sijaona jibu. Ningeendelea kusubiri. Lakini wiki iliyopita binti mmoja niliyemfundisha sekondari, ambaye sasa ana ujauzito wa miezi sita, alitoka kitengo cha eko (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti) cha hospitali yetu na karatasi ya majibu inayofanana kabisa na ile aliyopewa mke wangu: upande wa kushoto wa moyo umejazwa tarakimu kila mahali, na mbele ya ventrikali ya kulia, yaani chumba cha chini cha kulia cha moyo, pameachwa patupu. Binti huyu anahema akitembea kutoka kitandani hadi mlangoni, usiku analala ameegemea mito, na karatasi inasema moyo wake unasukuma damu vizuri.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa baiolojia na ni mume wa mgonjwa. Sikusomea udaktari. Ninayoyaeleza hapa kuhusu vipimo nilifafanuliwa na daktari bingwa wa hospitali ya kanda, aliyenichorea moyo nyuma ya karatasi ya rufaa, na mengine nimejisomea kwa sababu mwenye mgonjwa nyumbani hana namna nyingine.

Mke wangu ana ugonjwa wa moyo uliotokana na homa ya baridi yabisi. Utotoni aliugua koo mara kwa mara, viungo vikamvimba, na nyumbani kwao wakaona ni baridi tu. Kumbe valvu ya mitrali, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, ilikuwa ikipata makovu. Alipoanza kukosa pumzi alipimwa eko hapa mkoani. Majibu yalitaja kwamba valvu imekaza, yakaandika EF asilimia 62, na mwishoni yakahitimisha kwamba utendaji wa moyo ni wa kawaida. Akapewa vidonge vya presha na kuambiwa apunguze chumvi. Miezi ikapita huku miguu ikivimba, hata ukibonyeza juu ya kifundo kwa kidole shimo linabaki, tumbo likajaa maji, mishipa ya shingo ikatuna hata akiwa amekaa. Kila tuliporudi, aliyetupokea alifunua karatasi ileile, akasoma asilimia 62, akatutuliza.

Ndugu Mganga Mkuu, wewe unajua kuliko mimi kwamba EF ni kipimo cha ventrikali ya kushoto. Kinaeleza ni sehemu gani ya damu iliyomo humo inayotolewa kwa kila pigo. Kwa mgonjwa ambaye valvu yake ya mitrali imekaza, ventrikali ya kushoto mara nyingi haina kasoro yoyote: inapokea damu pungufu na kuisukuma inavyopaswa, kwa hiyo asilimia inapendeza. Mzigo wenyewe uko nyuma ya valvu. Damu inajazana katika chumba cha juu cha kushoto, shinikizo linarudi hadi kwenye mapafu, na ventrikali ya kulia, ambayo ukuta wake ni mwembamba na imezoea kusukuma damu kwenye mapafu yasiyo na ukinzani mkubwa, inalazimika kupigana na shinikizo hilo usiku na mchana. Kwanza ukuta wake unanenepa. Baadaye chumba kinatanuka, valvu ya trikaspidi, iliyo kati ya vyumba viwili vya kulia, inashindwa kufunga, na damu inarudi kwenye ini, tumboni na miguuni. Kumsomea mgonjwa wa namna hii EF peke yake ni kumpima mahali asipoumwa.

Tulipofika hospitali ya kanda, daktari alimlaza mke wangu kwa ubavu wa kushoto, akaweka probu, kile kifaa cha mkononi cha mashine, chini ya titi hadi vyumba vyote vinne vikaonekana kwenye kioo, kisha akapitisha mstari mmoja kwenye ukingo wa nje wa valvu ya trikaspidi. Likatokea wimbi linalopanda na kushuka kwa kila pigo. Akapima urefu wa wimbi hilo kutoka bondeni hadi kileleni: milimita 11. Kipimo hicho wataalamu hukiita TAPSE, na kikiwa chini ya milimita 17 ni dalili kwamba ventrikali ya kulia imechoka. Nilisimama pale pale. Kazi yote ilikuwa ya dakika chache, kwa mashine ya kawaida, bila sindano, bila dawa ya rangi, bila programu ya kununua.

Kisha akapima kasi ya damu iliyokuwa ikivuja kurudi nyuma kupitia valvu hiyo, akapata mita 3.9 kwa sekunde. Hesabu yake ningeweza kuwapa wanafunzi wangu wa kidato cha pili: kasi unaizidisha kwa yenyewe, kisha mara nne, unapata kama 61. Akasogeza probu chini ya kifua kutazama mshipa mkubwa unaoleta damu kutoka tumboni, akamwambia mke wangu avute pumzi kwa nguvu puani. Mshipa ulikuwa mpana kupita sentimita 2.1 na haukunywea hata nusu, kwa hiyo akaongeza 15. Jumla ni milimita 76 za zebaki, ndilo shinikizo lililokadiriwa katika ventrikali ya kulia. Kasi ikizidi mita 2.8 peke yake tayari inatosha kumfanya daktari ashtuke. Daktari aliandika tarakimu zote hizo, akatulia kidogo, halafu akauliza kwa nini upande huu haukupimwa mapema. Swali hilo nalileta kwako, kwa sababu mimi sikuwa na la kumjibu.

Sidai kwamba tarakimu moja inamaliza kila kitu. TAPSE hutazama mwendo wa ukingo mmoja tu, na ventrikali ya kulia ina umbo la hilali lililoikumbatia ya kushoto, nyuma ya mfupa wa kifua, mahali pagumu kuonekana. Probu ikielekezwa vibaya, kipimo kinadanganya. Ndiyo maana mwongozo wa mwaka 2015 wa vyama vya wataalamu wa eko vya Marekani na Ulaya unataka vipimo zaidi ya kimoja: mbali na TAPSE, kuna kasi ya mwendo wa ukuta, ambayo haitakiwi kushuka chini ya sentimita 9.5 kwa sekunde, na kiasi ambacho eneo la chumba hupungua kinapojikaza, ambacho hakitakiwi kuwa chini ya asilimia 35. Penye shaka kuna MRI, yaani picha ya mashine ya sumaku, na kuna katheta, mrija mwembamba wa kuingizwa moyoni kupima shinikizo lenyewe. Haya makubwa siyaombi kwa mkoa wetu leo. Ninaomba yale ambayo mashine iliyopo inaweza kuyafanya kesho asubuhi.

Najua pia kwamba kusahaulika kwa upande wa kulia hakukuanzia hapa. Mwaka 1943 Isaac Starr na wenzake waliunguza ukuta wa ventrikali ya kulia ya mbwa, wakaona shinikizo katika mishipa inayorudisha damu moyoni halikupanda sana, na kwa miaka mingi wataalamu wengi wakaichukulia ventrikali hiyo kuwa njia ya kupitishia damu tu. Lakini mbwa wale walikuwa na mapafu mazima, yasiyo na shinikizo. Wagonjwa wetu hawako hivyo. Katika utafiti wa REMEDY uliokusanya wagonjwa 3,343 wa moyo wa baridi yabisi kutoka nchi 14, nyingi zikiwa za Afrika, umri wa kati ulikuwa miaka 28, na takribani theluthi mbili walikuwa wanawake. Hapa jirani Kampala, J. N. P. Davies alieleza mwaka 1948 ugonjwa wa kovu la ndani ya moyo ambao hupenda kuziba ventrikali ya kulia. Kama kuna sehemu ya dunia ambayo haina ruhusa ya kuupuuza upande huu wa moyo, ni hii yetu.

Ndugu Mganga Mkuu, siku mashine ya eko ilipokabidhiwa, nilikuwa miongoni mwa wananchi tuliosimama juani kukusikiliza. Ulituahidi mambo mawili. Ulisema kwamba mgonjwa wa moyo wa mkoa huu hatasafiri tena kwenda mbali kwa ajili ya kipimo tu, na ulisema kwamba watumishi wa kitengo watapelekwa mafunzoni kwa awamu. Tulikupigia makofi kwa mikono miwili, na mke wangu alikuwepo. Naomba ujue kwamba alisafiri. Alisafiri kwa basi usiku kucha, miguu imevimba, hawezi kulala chali, mimi nikiwa nimemwekea kanga mgongoni ili aegemee, na tukiogopa kumpa vidonge vya kupunguza maji kwa sababu basi halisimami kila anapotaka kujisaidia. Kiinua mgongo changu, nilichokipata baada ya kufundisha maisha yangu yote katika shule za mkoa huu, kimekwenda kwenye nauli, vyumba vya kulala wageni, na dawa ambazo bima ilikuwa ikizikataa dirishani. Fedha zinatafutwa. Kinachonikosesha usingizi ni kauli ya daktari kwamba valvu yake ingeweza kupanuliwa au kubadilishwa kwa hatari ndogo zaidi wakati upande wa kulia ulipokuwa bado na nguvu, na kwamba sasa lazima kwanza watumie dawa kuupunguzia mzigo upande huo kabla hawajathubutu kumpeleka chumba cha upasuaji. Tunasubiri hadi leo. Ninampima uzito kila asubuhi, naandika kwenye daftari, na nikiona umepanda ghafla najua maji yamerudi.

Kwa nini mstari ule unaachwa wazi, mimi nakisia tu. Huenda mtumishi mmoja anapewa foleni ya wagonjwa wengi kuliko uwezo wake, anapima kile ambacho daktari wa wodini atakiuliza na kuacha kingine. Huenda yule aliyepata mafunzo alihamishwa, na aliyebaki alifundishwa kwa kuangalia tu. Nimesikia kwamba fomu inaruhusiwa kupita hata kama haijajaa, na kama ni kweli, basi tatizo liko mezani zaidi kuliko kwenye mashine. Watumishi wa kitengo kile wana adabu na wanachoka kwa ajili yetu; nisingependa barua hii iwe sababu ya mtu wa chini kuandikiwa onyo. Mwenye mamlaka ya kusema fomu isiyojaa isitoke ni wewe.

Nilikuwa nimekusudia kukuomba mengi: mtaalamu wa pili, mafunzo uliyoyaahidi, daktari bingwa wa moyo aje kliniki ya mkoa kwa zamu, na sindano za penisilini zisikatike kwa watoto wenye homa ya baridi yabisi ili wasifike hapa alipofika mke wangu. Yote hayo bado nayaomba, na mafunzo uliyaahidi mwenyewe. Ila kama ofisi yako ina nafasi ya kufanya jambo moja tu mwezi huu, basi agiza kwamba majibu ya eko ya mgonjwa yeyote wa moyo yasisainiwe kabla upande wa kulia haujapimwa na kuandikwa: TAPSE, ukubwa wa chumba, kasi ya damu inayovuja kwenye trikaspidi, na hali ya mshipa mkubwa wa tumboni. Isipowezekana kupima, basi mpimaji aandike kwamba imeshindikana na sababu yake, ili daktari anayesoma asidhani kuwa patupu maana yake ni pazima. Mstari ule usiachwe wazi. Nimeandika haya katika barua za masjala na nayarudia hapa: usiachwe wazi.

Na kabla ya agizo hilo kuchapwa na kusambazwa, yupo binti niliyemtaja. Ujauzito huongeza damu mwilini kwa karibu nusu na kuyaharakisha mapigo, na kwa mtu mwenye valvu iliyokaza mambo hayo mawili hujaza mapafu maji. Yuko wodi ya wazazi ya hospitali yetu sasa hivi, mashine iko jengo la pili, na karatasi yake ina pengo lilelile. Naomba arudishwe kitengo leo apimwe upande wa kulia, na tarakimu zikiwa mbaya apewe rufaa kwa gari la wagonjwa, si kwa basi la usiku. Mama yake amekaa nje ya wodi na hajui amuulize nani. Mimi nimemwambia kwamba nitakuuliza wewe.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu, mume wa mgonjwa

Nakala: Mganga Mfawidhi wa Hospitali, Mkuu wa Kitengo cha Mionzi