Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Chama cha Watengenezaji wa Vifaa vya Reli, Nairobi

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote na kuwashukuru mliofika, hasa mliosafiri kutoka Mombasa, Nakuru na Kisumu kwa gharama zenu wenyewe. Kuna wenzetu wenye karakana hapa hapa Nairobi, barabara ya Lunga Lunga, ambao hawakuonekana mkutanoni mwaka jana, na leo pia viti vyao viko wazi. Nitarudi kwao.

Shughuli za kawaida mnazijua. Kamati tendaji ilikutana kila robo ya mwaka, tulihudhuria vikao vya viwango vya KEBS, shirika la viwango la Kenya, tulitoa maoni kuhusu ushuru wa malighafi ya chuma, na semina ya usalama wa karakana ilifanyika kama ilivyopangwa. Wanachama sasa ni 34. Kwa jumla tulikusanya shilingi 1,460,000, tukatumia 1,385,000, na hazina ina 212,000 ukijumlisha salio la mwaka uliotangulia. Mweka hazina atafafanua.

Sasa nije kwenye lile lililofanya baadhi yenu muache kupokea simu zangu.

Mnunuzi mmoja mkubwa alitangaza zabuni ya bloku za breki za chuma cha kusubu, yaani vipande vinavyobana gurudumu ili lisimame, kwa ajili ya mabehewa ya reli ya zamani, ile ya upana wa mita moja. Wanachama wetu wawili waliomba. Wote wawili waliondolewa katika hatua ya kwanza, na kazi ikaenda kwa mwagizaji kutoka nje. Mmoja wao alitaka chama kiende mbele ya bodi inayosikiliza malalamiko ya zabuni, kwa jina la chama na kwa pesa za chama. Kamati ilikataa. Uamuzi huo niliuongoza mimi, na ninausimamia.

Nimesikia maneno mengi tangu siku hiyo: kwamba mwenyekiti amenunuliwa, kwamba chama ni cha chai na mandazi tu, kwamba ada zinaliwa bure. Nimenyamaza muda mrefu kwa heshima ya wahusika. Leo naomba mnisikilize hadi mwisho.

Kwanza, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inampa haki ya kulalamika yule aliyeomba zabuni na kuona ameumizwa, tena ndani ya siku 14. Chama hakikuomba zabuni. Tungekwenda pale tungetupwa nje kabla ya hoja kusikilizwa, na wakili angelipwa vilevile. Mwenye kampuni alikuwa na siku zake 14. Nilimshauri azitumie, na nilimwambia niko tayari kumsaidia kuandaa maelezo ya kiufundi bila malipo. Hakufanya hivyo.

Pili, walioomba ni wawili, nao ni washindani. Ili nimtetee mmoja ningelazimika kujua bei yake na gharama zake, kisha nizilinganishe na za mwenzake. Sheria ya Ushindani ya 2010 ina kifungu kizima kinachohusu vyama vya wafanyabiashara kama chetu. Siku wanachama watakapoanza kufunuliana bei ndani ya ofisi ya chama, hatutakuwa na chama tena, tutakuwa na kesi. Ndiyo maana kila kikao ninachoongoza huwa nakataza mazungumzo ya bei, hata kama wengine huniona mkaidi.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma, niliisoma hati yote ya zabuni. Ilitaka matokeo ya maabara: ugumu wa chuma na kemia yake, pamoja na kiasi cha fosforasi, kwa sababu hicho ndicho kinachoamua bloku italika upesi kiasi gani na itatoa cheche kiasi gani ikisugua gurudumu. Wenzetu wote wawili hawakuambatisha karatasi hiyo. Tulipasua bloku moja mbele ya kamati, kutoka kiwanda ambacho sitakitaja. Kwa nje ilikuwa laini, imepakwa rangi vizuri. Ndani palikuwa na vitundu vya hewa, na kimoja kiliingia ncha ya kalamu ya katibu. Fikirieni behewa lenye mzigo linaloteremka kutoka Limuru kwenda bondeni likiwa limetegemea bloku kama hiyo. Mlitaka nisimame mbele ya bodi na kusema nini?

Hata hivyo hati ile ilikuwa na sharti moja baya kweli kweli. Ilimtaka mwombaji awe ameshauzia mashirika ya reli kwa miaka 10 mfululizo. Hakuna kiwanda chetu kinachoweza kulitimiza, hata chenye kazi safi kabisa, maana ili uuzie lazima kwanza uwe umeuza. Hilo ni jambo la chama, kwa sababu linatufungia mlango sote 34. Niliandika barua mwenyewe, nikaipeleka kwa mkono, na nikadai jibu la maandishi. Jibu tunalo: sharti litaangaliwa upya katika zabuni ijayo. Sijasikia mtu yeyote akinishukuru kwa hilo kwenye kundi la WhatsApp.

Angalieni wenzetu wa nje. Chama cha Uingereza cha sekta hii kipo tangu 1875. UNIFE, chama kinachowakilisha watengenezaji wa Ulaya kutoka Brussels, kilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wanachama wake hunyang'anyana zabuni kila uchao. Pamoja na ushindani huo walikaa wakaunda kiwango kimoja cha ubora, IRIS, ambacho baadaye kikawa msingi wa ISO 22163, kiwango cha kimataifa cha ubora kwa sekta ya reli. Leo mnunuzi wa treni huuliza cheti hicho kabla ya kuuliza bei. Hiyo ndiyo kazi ya chama: viwango, masharti ya zabuni, kodi, mafunzo.

Na kodi yenyewe inahitaji sauti moja. Tangu 2013 tunatozwa Tozo ya Maendeleo ya Reli kwa bidhaa tunazoagiza. Kwa hiyo anayeagiza chuma aje kusubu hapa anachangia kujenga reli, kisha reli hiyo inafungwa kwa bolti za ng'ambo. Sheria ya ununuzi nayo inamtaka mzabuni wa kimataifa apate angalau asilimia 40 ya vifaa kutoka kwa Wakenya. Tukidai asilimia hiyo bila cheti mkononi, tutaambiwa vifaa vyetu havijapimwa, nasi tutakosa la kujibu.

Nije kwenye ada. Waliolipa kamili ni 15. Sita walilipa nusu, 13 hawakulipa chochote, na deni la mwaka huu pekee ni shilingi 960,000. Baadhi wameniambia wazi kwamba wamezuia ada kwa sababu ya zabuni ile. Huko ni kuwaadhibu wale 15. Kikao nilichoitisha kujadili upimaji wa pamoja wa bidhaa zetu maabara kilihudhuriwa na watu saba, akidi ni 12, tukarudi makwetu bila uamuzi. Jioni ile ile kundi la WhatsApp lilijaa lawama kwamba kamati haifanyi kitu.

Mwaka ujao tunatumaini kupata makubaliano na maabara moja ili wanachama wapimiwe kwa bei nafuu. Uganda ilitia saini mkataba wa kujenga SGR, reli ya kisasa yenye upana mkubwa zaidi, kutoka Malaba hadi Kampala mwezi Oktoba 2024, Tanzania tayari inaendesha treni za umeme, na soko hilo tungependa kulifikia mambo yakienda vizuri. Tutaendelea pia kufuatilia barua ya lile sharti la miaka 10.

Kuna hoja mezani ya kubadilisha katiba ili chama kilazimike kugharamia malalamiko ya mwanachama yeyote aliyekosa zabuni. Mwenye hoja atapewa nafasi ya kuitetea mara baada ya taarifa ya mweka hazina. Nitapiga kura ya kuipinga. Kwa mujibu wa katiba, wanaopiga kura ni waliolipa ada, na orodha yao iko kwa katibu.

Mwenyekiti