Barua kwa mwanangu aliyekwama Walawi

Mwanangu,

Bwana Yesu asifiwe. Ujumbe wako nimeusoma jana usiku, nikacheka kidogo, unisamehe. Unasema uko nyuma siku 19 katika ule mpango wa kumaliza Biblia kwa mwaka mmoja, umekwama Walawi 13, na kila ukiifungua unaona aibu kama mtu anayekutana njiani na anayemdai. Kitabu hicho kimewaangusha wengi. Watu hutoka Misri na Musa kwa shangwe, huvuka bahari, hufika Sinai, halafu wakikuta vipele na mabaka na nywele zilizogeuka nyeupe, Biblia inarudi kabatini mpaka Januari nyingine.

Hesabu yenyewe si ngumu. Sura 1,189 ukizigawa kwa siku 365 unapata tatu na kidogo kwa siku. Mimi niliifuata hesabu hiyo miaka mitatu mfululizo, na nitakueleza ilinifikisha wapi. Kwanza nikutoe hapo ulipo.

Sura ya 13 ina mistari 59, na sehemu kubwa ni kuhani anakagua ngozi za watu. Isome taratibu mpaka mstari wa 45 na 46. Mwenye ukoma nguo zake zinararuliwa, anafunika mdomo wake wa juu, anapiga kelele, "Ni najisi, ni najisi," na makao yake ni peke yake, nje ya kambi. Ukishamwona mtu huyo vizuri, fungua Marko 1:40. Mtu wa namna hiyohiyo anamjia Yesu, anapiga magoti, na Yesu ananyosha mkono anamgusa. Anamgusa kabla hajatakasika. Kisha anamwambia aende kwa kuhani akatoe alivyoamuru Musa, na hayo aliyoamuru Musa ndiyo Walawi 14, sura inayofuata hapo ulipoachia. Niliisoma Marko miaka mingi bila kuona uzito wa ule mkono, kwa kuwa Walawi nilikuwa naipita mbio.

Sasa yangu.

Unakumbuka ile miaka ambayo mjomba wako hakuwa akija nyumbani. Mlipouliza niliwaambia ana kazi nyingi. Hakuwa na kazi nyingi. Siku tuliyomzika bibi yako nilimtamkia maneno mbele za watu, maneno ambayo hata leo mkono wangu unakataa kuyaandika, na tukakaa miaka sita hatusemezani. Humo ndani ya miaka sita ndimo nilimoisoma Biblia nzima mara tatu. Ratiba niliibandika nyuma ya mlango wa kabati, kila siku naweka tiki. Mathayo 5 ilipata tiki zake tatu kama sura nyingine yoyote.

Mara ya nne nilikuwa nimeumwa, ratiba sina, macho yanachoka haraka, kwa hiyo nasoma mistari michache naiacha. Nikafika tena Mathayo 5, mstari wa 23, mahali panaposema ukileta sadaka yako madhabahuni, na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako. Siku zote nilikuwa nimeuelewa kinyume. Nilidhani unamhusu mwenye kinyongo, nami nilikwisha kujiambia kwamba sina kinyongo, nimemsamehe. Lakini mstari hauniulizi kama mimi nina neno juu yake. Unauliza kama yeye analo juu yangu. Alikuwa nalo, tena la haki. Nilifunga Biblia, nikakaa siku mbili siigusi, nikiogopa kuifungua kwa sababu nilijua itanirudisha palepale.

Nilipokwenda kwake hakunikumbatia, usije ukafikiri mambo haya yana mwisho wa hadithi za watoto. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, akaniambia, "Dada, umechelewa." Nikarudi nyumbani. Miezi ilipita kabla hajapokea simu yangu, na karibu mwaka kabla hajakaa tena mezani kwetu. Neno liliniambia niende nikapatane. Halikuniahidi kwamba nikigonga mara moja nitafunguliwa kwa nyimbo.

Ndiyo maana nimekuwa nikiwatazama sana wafalme wawili wa Yuda, baba na mtoto wake. Yosia alikuwa na miaka 26 hivi, mwaka wa 18 wa kutawala kwake, Hilkia kuhani alipokiona kitabu cha torati hekaluni. Shafani mwandishi akamsomea mfalme. Alipoyasikia tu, Yosia akayararua mavazi yake, akatuma watu kwa Hulda nabii mke wamwulizie Bwana. Haikupita miaka 20, mwanawe Yehoyakimu naye akasomewa gombo, la nabii Yeremia safari hii. Ilikuwa majira ya baridi, moto unawaka mbele yake. Kila kurasa tatu nne zikisomwa anazikata kwa kisu na kuzitupa motoni, mpaka gombo lote likaisha. Na Yeremia 36 inasema waziwazi kwamba waliosikia hawakurarua mavazi yao. Baba alirarua nguo, mwana akakata kitabu. Katika waliomsihi mfalme asilichome alikuwamo Gemaria, mtoto wa Shafani, yule yule aliyemsomea Yosia. Baba wawili, wana wawili, hapo mimi kama mzazi huwa nanyamaza. Bwana akamwambia Yeremia achukue gombo jingine, Baruku mwandishi wake akaandika upya, na mengine yakaongezwa.

Kisu sisi hatuna. Tunayo tiki, na nakwambia inaweza kufanya kazi ileile.

Usinielewe vibaya ukaanza kutii ili Mungu akupende. Angalia mpangilio wa Kutoka 20: kabla ya amri ya kwanza kuna mstari wa 2, mimi ni Bwana, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri. Walikwisha kutolewa ndipo wakaambiwa waishije.

Umeuliza nafanyaje siku hizi. Ni kidogo mno, utashangaa. Asubuhi kabla sijashika simu nasoma kifungu kimoja, wakati mwingine mistari minane kama beti za Zaburi 119, ambazo zimepangwa nane nane kwa herufi 22 za Kiebrania. Nasoma na kilichotangulia na kinachofuata, kwa sababu mstari uliong'olewa mahali pake unaweza kusemeshwa chochote. Palipo pagumu nauliza watu, yule Mwethiopia kwenye gari lake alipoulizwa na Filipo, "Je! Yamekuelea haya unayosoma?" hakuona haya kusema hapana. (Nalipenda sana neno hilo, kuelea, yaani kueleweka. Vijana wa siku hizi mmeliacha.) Kisha kwenye daftari naandika jambo moja la kufanya, na jina la mtu. Nisipoandika jina najikuta nampenda kila mtu na simtembelei yeyote. Siku nyingine kifungu hakina agizo lolote, ni habari tu za Mungu alivyo. Siku hiyo naandika shukrani na kufunga. Mchana narudiarudia maneno kwa sauti ya chini nikiwa na kazi zangu. Neno la Kiebrania wanaloliita kutafakari katika Zaburi ya 1 ndilo linalotumika katika Isaya 31:4 kwa simba anayenguruma juu ya windo lake, kwa hiyo majirani wakinisikia nanung'unika wanivumilie.

Jioni nalisoma lile jina. Mara nyingi sijafanya. Naliandika tena kesho yake.

Zile siku 19 ziache, hazidaiwi na mtu. Anza kesho na hiyo 13, uende kwa mwendo wako. Ukifika sura ya 19, mahali ambapo wengi wanaujua mstari wa 18 wa kumpenda jirani, usiruke mstari wa 13, unaokataza ujira wa mtu aliyekufanyia kazi kulala kwako mpaka asubuhi. Nimeutaja mapema kwa sababu juzi kwenye simu ulisema, kama kwa kupita tu, kwamba yule fundi aliyekupakia rangi bado anakusumbua kuhusu salio lake. Ulitumia neno hilo, kusumbua. Sijui kazi aliifanyaje, hayo utayajua wewe. Lakini kama aliimaliza, mpigie leo.

Ukishampigia niandikie, hata maneno mawili. Mjomba wako anakusalimu. Amekaa hapa kando yangu tangu asubuhi, ananicheka ninavyoandika polepole.

Mama yako