Barua kwa rafiki: Kuhusu jina la Hadasa

Kirumba, Mwanza
12 Juni 2024

Mpendwa rafiki yangu,

Huku Mwanza hatujambo, na tumefurahi mno kusikia kwamba umejifungua salama mtoto wa kike. Umeniandikia kwamba mmependa kumwita Hadasa, ila mama mkwe anasema jina hilo hajapata kulisikia, na ni afadhali mtoto aitwe Esta. Mfikishie shikamoo yangu, kisha umweleze kwa upole kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Esta 2:7 inasema Mordekai alimlea Hadasa, yaani Esta. Na kwa kuwa Hadasa limetajwa hapo tu katika Biblia nzima, si ajabu kwamba makanisani mwetu akina Esta wamejaa na Hadasa ni nadra.

Asili yake ni mhadasi, mti mdogo wa nchi zinazoizunguka Mediterania, usiopukutisha majani, ambao matawi yake Wayahudi waliyakata kujengea vibanda vya sikukuu, kama Nehemia 8:15 inavyoeleza. Huku kwetu ndugu zake tunao uani, kwa maana mpera na mzambarau ni wa jamii hiyohiyo, pamoja na mkarafuu wa Zanzibar. Mpera wenu ukichanua, litazame ua lake kwa karibu: petali nyeupe, na katikati nyuzi nyembamba tele zilizosimama wima. Ua la mhadasi limeumbwa vivyo hivyo, ila ni dogo zaidi, na jani lake ukilifikicha hunukia vizuri.

Wayahudi wanalienzi sana jina hili. Chama cha wanawake alichokianzisha Henrietta Szold na wenzake huko New York mwaka 1912 kilikuja kujulikana kwa jina la Hadassah, na hospitali zake zipo Yerusalemu hadi leo. Waingereza na Wamarekani nao waliwaita binti zao Myrtle, ambao ni mhadasi huohuo, hasa mwishoni mwa karne ya 19 majina ya mimea yalipopendwa, kisha likafifia. Nasi tuna akina Zaituni, Waridi na Rehani, wala hakuna anayewashangaa.

Kwa hiyo msisite. Mtakapofuatilia cheti cha kuzaliwa, hakikisheni jina limeandikwa kama lilivyo katika Biblia yetu, kwa s moja na bila h mwishoni, ili mtoto asije akasumbuliwa na vyeti vya shule visivyolingana. Na bibi yake akiendelea kulipenda Esta, liwe jina la pili.

Msalimie shemeji, na umbusu Hadasa kwa niaba yangu.

Ni mimi rafiki yako.