YAH: Mercedes 230E yangu, na lugha ya msimamizi wenu

Ndugu Meneja wa gereji,

Salamu. Nilipenda kuandika kwa upole, ila upole wenyewe niliuacha mapokezini kwenu Alhamisi.

Gari nimelileta mara tatu kwa ugonjwa uleule. Asubuhi linawaka vizuri. Likishapata moto, taa ya ABS inawaka, sailensa (mwendo wa injini gari likiwa limesimama) inapanda na kushuka, kisha linazima. Ukilipumzisha kidogo linawaka kama si lenyewe. Mara ya kwanza mkabadilisha plagi na pampu ya mafuta. Ya pili mkasema kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, imekufa, nikalipa 1,850,000. Risiti ya EFD ninayo. Nikafika Pongwe tu, likazima mbele ya lori la saruji.

Alhamisi niliuliza swali moja: mlipima umeme unaoingia kwenye hiyo boksi? Msimamizi wenu, kijana ninayeweza kumzaa, akanirushia ufunguo juu ya kaunta ukaanguka chini. "Mama, lete mwanaume tuongee naye mambo ya gari." Nikauokota mwenyewe.

Mlinitoza pia 80,000 za "uchunguzi wa kompyuta". Mafundi wenu walihangaika chini ya dashibodi kutafuta soketi ya mashine yao, na gari la 1989 halina soketi hiyo! Sasa walichunguza nini? Kompyuta ya injini na ile ya ABS zinapata umeme kupitia rilei moja, ile ya kuzuia umeme usizidi, iliyoko nyuma ya betri na fyuzi nyekundu ya ampia 10 kichwani. Ndiyo maana taa ya ABS na kuzima vilikuwa vinafuatana. Ijumaa fundi redio wa Ngamiani aliifungua, akaniita nitazame kwenye lenzi: risasi ya kuchomea imepasuka kuzunguka miguu miwili, ufa mwembamba kama unywele. Ikipata moto, ufa unaachana. Akaichoma upya kwa 15,000. Nimekwenda Muheza na kurudi mara mbili, halijakohoa.

Pale kaunta walikuwepo wateja watano. Kijana hakuutupa ufunguo kwa bahati mbaya. Alinitazama kwanza, ndipo akaurusha. Mlio wake sakafuni niliusikia, maana watu wote walinyamaza, na baba mmoja akajifanya anasoma simu. "Lete mwanaume." Mimi nimefundisha fizikia miaka 31, na watoto wa kiume wa mji huu nimewafundisha mimi sheria ya Ohm. Nilipoinama, magoti yangu haya, hakuna aliyesogea. Samaki wa mpingo aliyening'inia kwenye ufunguo, aliyechongwa na marehemu mume wangu, amekatika mkia.

Nilikusudia kudai pesa ya boksi tu. Nimebadili nia. Nataka pesa ya boksi, ya pampu na ya huo uchunguzi. Nataka boksi yangu ya zamani, ambayo haikuwa na kosa lolote, namba yake nimeiandika. Na barua ya kuomba radhi yenye sahihi ya kijana huyo, si yako. Nawapa siku saba. Hapana, tano. Baada ya hapo nakala ya barua hii na risiti zote zitakuwa Tume ya Ushindani, na wakili wangu atawafuata hapohapo kaunta.

Na boksi isije kwenye mfuko wa rambo.

Mwalimu mstaafu,
Chumbageni, Tanga