Fundi asiye na daftari hana ushahidi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na mafundi wenzangu wa Mombasa, wa redio, tivi, simu na friji, na hasa vijana wanaokaa kando ya meza zetu kujifunza kazi.

Wiki mbili zilizopita kijana ninayemfundisha dukani kwangu, hapa Mwembe Tayari, alimaliza kifaa alichokihangaikia tangu Ramadhani. Lehemu haijapoa sawasawa, tayari amekirekodi kwa simu na kukirusha mtandaoni, nje na ndani, mpaka waya gani umeungwa wapi. Nikamwuliza, "Mwanangu, umekiandika popote?" Akanionyesha simu. Nilinyamaza, maana nilijiona mimi mwenyewe mwaka 1998.

Mwaka huo stima ilikuwa ikikatika na kurudi kwa kishindo, na kila wiki nililetewa friji iliyoungua kompresa. Nikatengeneza kisanduku cha kukaa kati ya soketi na friji: stima ikirudi, kinangoja dakika tatu ndipo kinairuhusu ipite. Ndani mlikuwa na rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), transista mbili, kapasita moja kubwa ya kuhifadhi umeme na rezista chache za kuupunguza kasi. Majirani wakanunua. Mfanyabiashara mmoja akachukua viwili, akasema ni vya kuwaonyesha watu wake. Kabla mwaka haujaisha, visanduku vilivyofanana na vyangu hata kwa mahali pa matundu ya skrubu vilikuwa vikiuzwa kwa bei nisiyoiweza. Nilipokwenda kudai niliulizwa swali moja tu: karatasi yako iko wapi? Sikuwa nayo. Mchoro ulikuwa kichwani mwangu, na kichwa cha mtu hakipelekwi mahakamani.

Ndiyo maana maisha ya mhandisi Ralph Baer, aliyebuni mashine ya kwanza ya michezo ya video ya nyumbani, yamenikaa moyoni, na ningependa vijana wetu wayajue.

Baer alizaliwa Ujerumani mwaka 1922. Alifukuzwa shule kwa sababu ni Myahudi, na mwaka 1938 familia yake ikakimbilia New York. Huko alifanya kazi kiwandani kwa dola 12 kwa wiki, akajiandikisha masomo ya redio kwa njia ya posta, na mwaka 1940 akapata cheti chake. Alianza kama sisi: fundi wa redio, anafungua kasha, anatafuta kilichoungua. Baada ya vita alisoma uhandisi wa televisheni huko Chicago, akahitimu mwaka 1949. Mwaka 1951, akiwa ameajiriwa katika kampuni ya kutengeneza tivi, alipendekeza tivi iwekewe mchezo. Mkubwa wake akakataa. Wazo likalala miaka 15.

Agosti 1966, akimngoja mwenzake kwenye kituo cha mabasi New York, lile wazo likamrudia. Wakati huo alikuwa mkuu wa wahandisi katika Sanders Associates, kampuni ya vifaa vya kijeshi. Alipofika ofisini alikaa akaliandika, na tarehe 1 Septemba akawa na kurasa nne zinazoeleza jinsi tivi ya kawaida ya nyumbani inavyoweza kuchezewa. Akaweka tarehe. Akamwita mhandisi mwenzake asome na atie saini. Hapo alikuwa bado hajalehemu hata waya mmoja.

Kampuni ikampa dola 2,500, na fundi mmoja, Bill Harrison. Baadaye akaongezwa mhandisi Bill Rusch. Kufikia mwaka 1968 walikuwa na kisanduku kilichofunikwa karatasi ya rangi ya mbao, na mwaka 1972 kampuni ya Magnavox ikakiuza kwa jina la Odyssey, mashine ya kwanza duniani ya michezo ya video ya nyumbani.

Wenzangu wa kazi watanielewa nikisema ilivyofanya kazi, maana inapendeza. Tivi za zamani zilichora picha mstari kwa mstari, kushoto kwenda kulia, juu kwenda chini. Ukitaka nukta moja nyeupe, unawasha mwanga kwa kitambo kidogo mno, muda fulani baada ya mstari kuanza, na muda fulani baada ya picha kuanza. Muda huo unaupata kwa kapasita inayojaa kupitia rezista. Zungusha kitufe, rezista inabadilika, nukta inahama. Nukta mbili zikiangukia wakati mmoja, saketi ya dayodi inatambua, na hapo mpira umegonga. Mashine nzima ilikuwa ya vipande kama hivyo, pamoja na transista na dayodi tu, bila kompyuta ndani yake, wala haikuwa na sauti. Rangi ilitoka kwenye karatasi za plastiki zilizobandikwa juu ya kioo. Niliposoma hayo nilishika kichwa. Ni kapasita na rezista zile zile za kisanduku changu cha friji. Yangu ilingoja dakika tatu, yake ilingoja sehemu ndogo mno ya sekunde.

Sasa tuje kwenye karatasi. Mei 1972 Magnavox iliionyesha mashine hiyo Burlingame, California, na wageni wakatia saini kwenye daftari la wageni. Mmoja wao alikuwa Nolan Bushnell, ambaye mwaka huo huo kampuni yake, Atari, ilitoa mchezo wa Pong, mpira unaogongwa huku na huku kama ule wa Odyssey. Kesi ikafunguliwa. Zikaletwa kurasa nne za Septemba 1966, yakaletwa madaftari ya maabara, likaletwa na lile daftari la wageni. Mwaka 1976 Atari ilikubali kulipia leseni, na Januari 1977 jaji wa Chicago akaamua kwamba hataza ya Baer (yaani haki rasmi ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake), namba 3,728,480 ya mwaka 1973, ndiyo ya mwanzo katika fani nzima ya michezo ya video. Kwa miaka mingi baadaye kampuni nyingine ziliendelea kulipa, na jumla ikapita dola milioni 100.

Fedha nyingi zilikwenda kwa kampuni, kwa kuwa hataza zilikuwa mali ya mwajiri. Vijana wanaoajiriwa wasome mkataba kabla ya kutia saini. Lakini kuna jambo lililonigusa zaidi ya fedha: katika hataza namba 3,659,285 jina la fundi Harrison limeandikwa pamoja na ya wahandisi wawili. Aliyeshika chuma cha kulehemu alihesabiwa kuwa mvumbuzi. Ningetamani kila bwana mkubwa wa karakana Mombasa awatendee hivyo vijana wake.

Baer aliendelea kubuni mpaka uzeeni, ukiwemo Simon wa mwaka 1978, ule mchezo wa vitufe vinne vya rangi. Hataza zake zilizidi 150 duniani. Alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka 92.

Nisieleweke vibaya. Daftari peke yake halikupi hataza. Marekani ya wakati ule haki ilikuwa ya aliyevumbua kwanza, kwa hiyo tarehe na saini zilikuwa na nguvu kubwa. Kwetu Kenya, watu wawili wakivumbua kitu kimoja kila mtu kwake, haki humwendea aliyetangulia kupeleka ombi KIPI, taasisi ya serikali inayosajili uvumbuzi. Hataza hudumu miaka 20, na kuna cheti kingine cha miaka 10 kwa maboresho madogo, ambacho naona ndicho kinachotufaa zaidi sisi wa mitaani. Aliyekwisha kuonyesha kifaa chake hadharani, sheria yetu humpa miezi 12 apeleke ombi. Ulaya, video kama ile ya kijana wangu huua ombi siku hiyo hiyo. Daftari basi ni la kuthibitisha kwamba kitu kilitoka kwako, siku ukiibiwa kama mimi.

Shida yetu ni kwamba makao makuu ya KIPI yako Nairobi. Fundi akifunga duka siku mbili kwenda na kurudi, wateja wamehamia kwa jirani, na kuandika ombi lenyewe kunahitaji lugha ambayo wengi wetu hatukufundishwa. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa kipo hapa Tudor, mwendo mfupi kutoka madukani mwetu. Nawaomba walimu wake, pamoja na mawakili wa hapa mjini na maafisa wa KIPI, watutengee jioni moja kila mwezi, kwa Kiswahili, fundi aje na kifaa chake ndani ya mfuko na aonyeshwe namna ya kukiandika. Wakihitaji mahali, mimi na wenzangu tutachanga kodi ya chumba.

Kijana wangu amenunua daftari la jalada gumu. Miezi yake 12 imeshaanza kuhesabika, na sasa imebaki 11 na nusu. Tumechora saketi, tumeandika tarehe, na jirani yetu fundi saa amesoma na kutia saini chini. Tunachotafuta sasa ni mtu wa kutusaidia kuandika ombi.

Wako,
Fundi wa redio na tivi,
Mwembe Tayari, Mombasa